Punjab, Nchi ya Mito Mitano

Leo nataka kuwaeleza habari za Punjab, nchi iliyo kaskazini ya Bara Hindi. Jina hili si geni kwetu. Wengi wa vibarua na mafundi waliovuka bahari kuja kujenga reli ya kutoka Mombasa hata ziwa la Viktoria, tangu mwaka 1896 mpaka 1901, walitoka huko. Na wale wavaao vilemba, ambao sisi huwaita Makalasinga, asili yao ni huko. Watu hao twawajua, lakini nchi yao wengi wetu hatuijui. Nayo imepatwa na mambo yanayostahili kukumbukwa.

Punjab ni jina la Kiajemi: panj maana yake tano, na ab maana yake maji. Mito yenyewe ni Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Yote hushuka kutoka milima ya Himalaya yenye theluji, ikapita katika uwanda mpana, ikakutana, na mwisho ikaingia katika mto mkubwa wa Indus. Udongo wa uwanda huo ni mzuri sana, lakini upande wa magharibi mvua ni haba. Kwa hiyo Waingereza, walipokuwa wakitawala, walichimba mifereji mirefu ya kutoa maji mitoni, na nyika iliyokuwa malisho ya mifugo ikawa mashamba ya ngano na pamba.

Wenyeji walikuwa hasa wa dini tatu: Waislamu, Wahindu, na Makalasinga, ambao wenyewe hujiita Sikh. Mwalimu wa kwanza wa dini ya Sikh, Guru Nanak, alizaliwa mwaka 1469 upande wa magharibi wa mji wa Lahore. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh, mwalimu wao wa kumi, aliunda udugu uitwao Khalsa, na kutokata nywele ni moja katika alama zake. Hata mwaka 1799 Ranjit Singh akautwaa mji wa Lahore, akajenga ufalme wenye nguvu. Yeye alikuwa Sikh, lakini Waislamu na Wahindu walikuwa miongoni mwa mawaziri wake. Alikufa mwaka 1839, na miaka kumi baadaye, yaani 1849, Waingereza wakaitwaa nchi yote.

Dini zilikuwa tatu, lakini lugha ya nyumbani na sokoni ilikuwa moja, ndiyo Kipunjabi. Lugha hii ina ajabu yake: sauti ikipanda au ikishuka, maana hugeuka. Maneno ya farasi, mjeledi na mwenye ukoma karibu ni sawa. Asikiaye huyapambanua kwa mwendo wa sauti tu. Lakini katika kuandika watu waliachana. Sikh huandika kwa herufi ziitwazo Gurmukhi, na Waislamu kwa herufi zenye asili ya Kiarabu. Sisi nasi tunajua jambo hili, maana Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tuzitumiazo sasa.

Basi mwaka 1947 Waingereza waliondoka, na Bara Hindi ikagawanywa kuwa dola mbili, India na Pakistan. Punjab nayo ikakatwa vipande viwili. Kazi ya kuchora mpaka alipewa mwanasheria wa Uingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hakupata kuikanyaga Bara Hindi kabla ya hapo. Naye alipewa majuma matano tu. Mpaka ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya India kupata uhuru. Lahore ikawa ya Pakistan, na Amritsar, mji mtakatifu wa Sikh, ikawa ya India, ingawa kati ya miji hiyo ni mwendo wa maili thelathini hivi. Hata mahali alipozaliwa Guru Nanak pakabaki Pakistan. Majirani waliokula pamoja waligeukiana kwa mapanga na moto. Waislamu wakakimbilia magharibi, Wahindu na Sikh wakakimbilia mashariki, kwa miguu, kwa magari ya ng'ombe na kwa treni. Katika Bara Hindi nzima waliohama walizidi 10,000,000, na waliouawa hukadiriwa kuwa laki kwa laki.

Watu waliweza kuhama, lakini mito haikuweza. Mstari ule ulipita juu ya mifereji, chemchemi ikawa huku na shamba likawa kule. Tarehe 1 Aprili 1948 serikali ya upande wa mashariki ilifunga maji yaliyokuwa yakienda Pakistan, na mkulima wa upande wa pili akautazama mfereji wake ukikauka. Maji yalifunguliwa tena, lakini ugomvi ulidumu mpaka 1960, Benki ya Dunia ilipowapatanisha: Ravi, Beas na Sutlej ikawa fungu la India, Jhelum na Chenab, pamoja na Indus, ikawa fungu la Pakistan. Mapatano hayo yalivumilia vita vya 1965 na 1971, lakini mwaka 2025 India ilitangaza kuyasimamisha.

Kipande cha India nacho kilikatwa tena. Sikh wengi walidai jimbo la wasemao Kipunjabi. Na Wahindu wengi wa huko, ijapokuwa walikisema nyumbani, walijiandikisha katika hesabu ya watu kuwa wasemaji wa Kihindi. Mwaka 1966 jimbo likagawanywa: upande wa kusini ukawa jimbo la Haryana, na sehemu za milimani zikatiwa katika Himachal Pradesh. Punjab iliyosalia ina maili za mraba zipatazo 19,400. Chandigarh, mji uliojengwa kwa sababu Lahore imepotea, ni makao makuu ya Punjab na ya Haryana pia.

Hivyo leo jimbo lenye jina la mito mitano halina yote mitano. Jhelum na Chenab hupita katika Punjab ya Pakistan. Na mtu wa Amritsar akikutana na mtu wa Lahore, watazungumza vizuri bila mkalimani. Lakini mmoja akimwandikia mwenzake barua, yamkini hataweza kuisoma. Ninyi wanafunzi, chukueni ramani, mtafute ile mito, mwifuate kwa kidole kutoka milimani hata Indus, mkahesabu ni mingapi inayokatwa na mpaka.