Pegasus: Vita Kwanza, Samaki Baadaye

Anayezamia kwenye mabaki ya Pegasus, nje ya mji wa Zanzibar, huahidiwa samaki kwanza, na vita hutajwa kwa sentensi moja. Mpangilio huo umepinduka, kwa sababu bila vita pasingekuwa na mwamba wowote wa kutazama. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ya Uingereza ilikuwa imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa, ilipovamiwa na Königsberg, manowari ya Kijerumani chini ya Max Looff. Pegasus, iliyoshushwa majini mwaka 1897, ilikuwa na mizinga 8. Königsberg ilikuwa na 10, mipya zaidi na ya masafa marefu, ikapiga kutoka mahali ambapo makombora ya Pegasus hayakufika. Mabaharia 38 walipoteza maisha.

Wapo wanaosema historia hiyo ilishaondoka na waopoaji: mizinga ilitolewa ikatumika nchi kavu, na mwaka 1955 mabaki yakauzwa kuwa chuma chakavu, hivyo kilichobaki ni makazi ya samaki tu. Hoja ina uzito, ila inasahau kuwa uopoaji ni sehemu ya historia ileile. Mzinga wa Pegasus uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na wa Königsberg, ambayo nayo iliangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake ikaburutwa bara na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck. Vyuma vya mahasimu hao wawili vilipigana upya mbali na bahari. Kwa hiyo mapengo ya Pegasus nayo ni ushahidi.

Wengine huona ni utovu wa heshima kuogelea penye maafa. Lakini makaburi ya mabaharia wake yako kisiwani Chapwani, na kutazama si kupora. Tatizo kubwa zaidi ni kina: kwenye mita 40 hivi, mzamiaji wa burudani yuko ukingoni mwa mipaka yake na ana dakika chache tu. Asiyeandaliwa ataona vyuma na samaki, basi. Kwa meli ya Dania, iliyozamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002 iwe makazi ya samaki, hilo latosha. Pegasus ni kitu kingine. Mkataba wa UNESCO wa 2001 huhesabu kuwa urithi mabaki yaliyokaa chini ya maji angalau miaka 100, umri ambao Pegasus iliutimiza mwaka 2014. Maelezo ya kwenye boti na yaanze na Looff, samaki wafuate.