Kolajeni ya samaki: inatibu nini, na wapi tunauziwa matumaini

Katika duka la dawa ninakofanya kazi hapa Mombasa, siku hizi hapapiti wiki bila mtu kuniuliza kuhusu kolajeni. Kina mama huja na picha ya kopo kwenye simu, wazee wenye maumivu ya magoti huulizia unga uo huo, na wote hutaka kujua mambo mawili: inafanya kazi kweli? Na je, ni halali? Nitayajibu yote mawili, na nitaongeza la tatu ambalo haliulizwi ingawa ndilo zito zaidi: ngozi ya samaki kama dawa ya vidonda.

Kolajeni ni nini?

Ni protini, na ndiyo nyingi kuliko protini zote mwilini mwa binadamu, takriban thuluthi moja. Imejengeka kama kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Ndiyo inayoshikilia ngozi, mifupa, kano na gegedu za viungo. Umri ukisonga mwili huitengeneza kwa uchache, na jua kali na sigara huiharibu mapema.

Kwa samaki imejaa kwenye ngozi, magamba, mifupa na mapezi, yaani sehemu kubwa ya kile kinachobaki chini wachuuzi wakishamaliza kupaa na kukata. Majongoo ya baharini na yavuyavu pia wanayo. Chemsha kichwa cha changu muda mrefu, weka supu kwenye friji, na asubuhi utaikuta imeganda. Hiyo ni kolajeni iliyofumuliwa na moto, na sasa inaitwa jelatini. Viwandani huvunjwa zaidi hadi iwe vipande vidogo vinavyoyeyuka majini, viitwavyo peptidi. Unga wa kwenye kopo ndio huo.

Je, ni halali?

Kolajeni ya madukani hutoka kwa ng'ombe, nguruwe, kuku au samaki. Kopo likiandikwa "kolajeni" tu, hujajua asili yake. Ya samaki haina suala la kuchinjwa, na ndiyo sababu Waislamu wengi huitafuta. Lakini kuna jambo huwapita wengi: ikiwa ni vidonge vya ganda laini, ganda lenyewe mara nyingi ni jelatini ya ng'ombe au nguruwe. Soma viungo vyote, si jina la mbele peke yake, na utazame kama kuna alama ya halali.

Ngozi ya samaki na vidonda

Hapa ndipo penye ushahidi mzito. Kampuni ya Kerecis ya Aisilandi huchukua ngozi ya samaki wa maji baridi aitwaye cod, huiondoa chembe hai zote, huikausha na kuitia kwenye pakiti safi. Daktari huiweka juu ya kidonda, na chembe za mgonjwa hupanda juu yake kama mtambaa unavyopanda uzio. Marekani iliiruhusu mwaka 2013. Katika utafiti uliofanywa Ulaya kwa wagonjwa 255 wenye vidonda vizito vya miguu vya kisukari, baada ya wiki 16 vilipona kwa wagonjwa 44 katika kila 100 waliotibiwa kwa ngozi hiyo, dhidi ya 26 katika kila 100 waliopata matibabu ya kawaida. Kwa ugonjwa ambao mwisho wake mara nyingi ni kukatwa mguu, tofauti hiyo si ndogo.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Katika mji wa Fortaleza, Brazili, madaktari wamekuwa wakitibu majeraha ya moto kwa ngozi ya tilapia, samaki ambaye asili yake ni Afrika na ambaye sisi Wakenya twamjua kwa jina la ngege. Ngozi husafishwa kwa dawa, huhifadhiwa kwenye gliserini na huuliwa vijidudu kwa mionzi. Hung'ang'ania jeraha kwa siku kadhaa, kwa hivyo mgonjwa habadilishwi bandeji mara kwa mara. Aliyewahi kuuguza mtoto aliyeungua anajua kilio cha kila bandeji inapobanduliwa.

Faida ya samaki juu ya ng'ombe au nguruwe ni kwamba hatari ya kuambukiza binadamu magonjwa ni ndogo, kwa hivyo ngozi yake haihitaji kuchakatwa kwa ukali unaoiharibu.

Nasema hili kwa herufi nzito: usichukue ngozi mbichi ya samaki sokoni ukaibandika kwenye jeraha. Ina bakteria, na zipo aina za baharini zinazoozesha nyama kwa kasi. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya mferejini kwa dakika 20, afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali. Si dawa ya meno, si unga, si mafuta.

Unga wa kunywa

Majaribio mengi yametumia gramu 2.5 hadi 10 kwa siku kwa wiki nane au zaidi. Baadhi yameonyesha ngozi kupata unyevu kidogo zaidi, na maumivu ya magoti kupungua kidogo. Tatizo ni kwamba mengi yamelipiwa na wauzaji wenyewe, na yanapotazamwa peke yake yale yasiyo na fedha zao, faida kwa ngozi haionekani. Tumbo nalo huisaga kolajeni kama protini nyingine yoyote. Haijui kwamba uliinunua kwa ajili ya uso.

Mwenye mzio wa samaki asiiguse. Mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito amuulize daktari kwanza. Na asiache mtu dawa zake za kisukari au za viungo kwa sababu ya kopo.

Mwili hujitengenezea kolajeni yake ukipata protini na vitamini C. Ukikosa vitamini hiyo, fizi hutoka damu na vidonda havifungi. Samaki, kunde, mapera, machungwa na mapapai hupatikana soko lolote la Pwani, na kikapu chake ni rahisi kuliko kopo. Ukila samaki, kula na ngozi yake.

Na sisi?

Mwaka 2023 kampuni ya Coloplast ya Denmaki ilikubali kuinunua Kerecis kwa hadi dola bilioni 1.3. Mali hiyo ilianzia kwenye ngozi ya samaki. Kolajeni ya samaki wa bahari za joto kama yetu huhimili joto kuliko ya wale wa maji baridi, jambo linalofaa kwa dawa ya kutumiwa nchi za joto. Kinachohitajika ni barafu kwenye madiko, maabara, na watafiti wetu kupewa fedha.

Kwa leo, mwenye kisukari atazame nyayo zake kila usiku. Akiona kidonda, hata kidogo, asubuhi yake aende kliniki.