Pamba, Mizania na Mwenye Mali

Bunda, mkoani Mara, msimu wa kununua pamba ukifunguliwa mwezi Mei hivi, mizani ndiyo inayosikilizwa. Karani anapima, anajaza stakabadhi, mkulima anaondoka na nakala yake. Hesabu za mwaka huanzia kwenye karatasi hiyo, ingawa wengi wetu tukisikia taarifa ya mwaka tunafikiria kitabu chenye jalada la kung'aa kutoka Dar es Salaam.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya makampuni na sheria ya vyama vya ushirika. Zote mbili zilimlinda mtu wa aina moja: aliyetoa mali yake na hakai ofisini. Katika Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma ilikuwa sehemu yake, wakulima walichoshwa na mizani za wanunuzi, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho la Victoria, kiongozi wake mashuhuri akiwa Paul Bomani. Shirikisho lilikua haraka likamiliki vinu vya kuchambulia pamba. Mkulima akawa mwenye kinu, lakini kinu chenyewe alikiona kupitia maneno ya katibu kwenye mkutano mkuu.

Chukua mizania, yaani picha ya mali na madeni kwa siku moja, ya chama kama hicho kinachofunga hesabu Juni 30. Siku hiyo ghala limejaa pamba ambayo haijauzwa, na deni la benki lililoinunua liko juu. Msomaji wa haraka ataona chama tajiri chenye madeni ya kutisha, kumbe ni tarehe tu. Ukifunga miezi sita baadaye picha inageuka. Swali zito ni pamba hiyo imeandikwa kwa bei gani. Kanuni ya uhasibu inataka bei ya chini kati ya gharama yake na kile inachotarajiwa kuleta sokoni baada ya gharama za kuiuza. Soko la dunia likianguka, hasara huandikwa sasa hivi, haingoji marobota yapate mnunuzi. Mhasibu anayetaka kumfurahisha mwenyekiti huanza kuteleza hapo hapo.

Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za masoko, ikakuta uongozi mbovu, wizi, na wanachama wasiojua haki zao. Tiba zilifuata: Shirika la Ukaguzi la Tanzania mwaka 1968 kwa mashirika ya umma, kisha sheria ya mwaka 1972 iliyoanzisha bodi ya wahasibu, NBAA. Hata hivyo hesabu za mashirika mengi ziliendelea kuchelewa kwa miaka, na hesabu ya namna hiyo ni kama tangazo la mvua iliyokwisha kunyesha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kabisa. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikiri baadaye kwamba lilikuwa kosa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kwa maoni yangu ukaguzi ulikosa msomaji zaidi ya ulivyokosa wakaguzi: hati safi au hati yenye shaka ya mkaguzi haimsaidii mwanachama asiyethubutu kuuliza.

Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha mwaka 2004. Mkoani Mara taarifa ndefu hazikuwa za pamba tena, bali za dhahabu ya North Mara, wilayani Tarime. Mgodi huo ulikuwa wa African Barrick Gold, iliyoingia soko la hisa la London mwaka 2010 na kuitwa Acacia mwaka 2014. Serikali ilipoidai Acacia kodi, riba na adhabu za takriban dola bilioni 190 mwaka 2017, kwa sababu ya migodi yake mingine miwili, aliyetaka kuelewa deni hilo alilazimika kupita faida na hasara hadi kwenye maelezo ya hesabu, yale ya herufi ndogo. Barrick, kampuni mama ya Acacia, ilinunua hisa zilizobaki Septemba 2019. Siku hizi North Mara husomwa ndani ya taarifa ya Barrick: asilimia 84 ya kampuni, 16 ya Serikali ya Tanzania.