Tiketi ya Koblenz, Mkeka wa Gungu

Kijiweni kwetu Gungu, pale wanapokaa vijana wa bodaboda wakisubiri abiria, Jumamosi haizungumzwi habari nyingine zaidi ya mikeka. Huyu mkeka wake umechanwa na timu moja tu, yule anaomba Mungu refa wa Ulaya aongeze dakika tano. Jumamosi moja mzee mmoja wa Ujiji alikuwa anapita na baiskeli yake. Akasimama, akatusikiliza, kisha akauliza:

"Wanangu, hizo hela mnazoliwa huwa zinakwenda wapi?"

Mshikaji mmoja akajibu bila kufikiri, "Nyingine zinakwenda serikalini, mzee. Wanajengea viwanja vya mpira."

Mzee akaguna. "Kiwanja gani hicho ulichokiona?"

Tukacheka. Mzee naye akacheka kidogo, akapanda baiskeli akaenda zake. Lakini swali lile mimi halikuniacha. Nilidhani habari ya kucheza bahati nasibu ili kusaidia jamii ilianza juzi juzi, na simu za mkononi. Nilipoanza kusoma nikagundua kwamba nimekosea kwa zaidi ya miaka mia moja. Ndugu msomaji, maziwa yetu haya yalikwisha kuchezewa bahati nasibu kabla babu zetu hawajaliona treni. Tena ilichezwa kwa ajili ya jambo jema kabisa.

Tuanze na Ujiji yenyewe. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliofungwa minyororo walipita hapa. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe, na kila mwanafunzi wa Kigoma amewahi kupelekwa kuliona jiwe la kumbukumbu yao. Barua na vitabu vya Livingstone juu ya biashara ya watumwa vilisomwa sana Ulaya, vikawachoma watu mioyo. Mwaka 1879 Mababa Weupe wakafika Ujiji, na mwaka 1888 mwanzilishi wao, Kadinali Lavigerie, akazunguka miji ya Ulaya akihubiri kwamba utumwa wa Afrika ukomeshwe. Watu walilia makanisani. Lakini machozi hayanunui meli, na waliotaka kupeleka meli na askari kwenye maziwa makuu walihitaji mshiko.

Wajerumani wakapata njia. Mwaka 1891 ikachezeshwa bahati nasibu ya kupinga utumwa, ikisimamiwa na kamati iliyokuwa na makao yake Koblenz, mji ulio kando ya mto Rhine. Hebu mfikirie mwuza duka wa huko, au mwalimu, au mjane mwenye akiba ndogo. Ananunua tiketi. Kwa mkono mmoja anatumaini kushinda marki nyingi, kwa mkono wa pili anaamini anamfungua mnyororo mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua. Ni raha iliyoje! Ukishinda umetajirika, ukiliwa umetenda wema. Nani angekataa?

Sasa tuulize swali la mzee wetu: hizo hela zilikwenda wapi?

Sehemu moja ililipia msafara wa Oscar Baumann, uliotembea kati ya mwaka 1892 na 1893. Baumann alipita Umasai, akaiona Ngorongoro, akaendelea hadi Burundi, kwa majirani zetu hawa. Alikuta Wamasai wakifa kwa njaa baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wao, akayaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1894. Ni kitabu chenye manufaa kwa mwanahistoria, sikatai. Lakini kazi kubwa ya msafara ule ilikuwa kuchora ramani ya nchi ambayo Ujerumani ilitaka kuitawala. Mtumwa hakuhitaji ramani.

Sehemu nyingine ilinunua meli. Iliitwa Hermann von Wissmann, jina la yule yule afisa aliyeongoza vita vya kumwangamiza Abushiri kule pwani. Ikapelekwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kushushwa Ziwa Nyasa mwaka 1893. Ikafanya kazi za serikali ya kikoloni kwa miaka ishirini. Ilipoanza Vita Kuu ya Kwanza, Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliivizia ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga. Yule nahodha wa Kijerumani na yule wa Kiingereza walikuwa wakifahamiana, na inasimuliwa kwamba Mjerumani alidhani mwenzake amelewa, maana habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Hapo ndipo ilipofika meli ya kuokoa watumwa: Mzungu kumpiga Mzungu rafiki yake, kwenye ziwa la Waafrika.

Kwetu Tanganyika ilikuja dada yake, Hedwig von Wissmann, ikashushwa ziwani mwaka 1900. Nayo ilizamishwa na Waingereza Februari 1916. Graf von Götzen, iliyoletwa Kigoma kwa reli katika makasha yapatayo elfu tano na kushushwa majini mwaka 1915, ndiyo Liemba yetu. Sisemi kwamba hizi mbili zilinunuliwa kwa tiketi. Nasema njia ya kuleta chuma cha vita kwenye maziwa ilikwisha kufunguliwa, na mmoja wa waliolipia ni yule mjane wa Koblenz.

Na utumwa wenyewe? Hapa ndipo penye uchungu. Serikali ya Kijerumani haikuufuta moja kwa moja. Iliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, Wajerumani walipokuwa wamekwisha kuondoka. Miaka thelathini na moja tangu tiketi ziuzwe! Mtu aliyekuwa mtumwa wa miaka ishirini mwaka ule wa bahati nasibu, kama alijaliwa kuishi, alikuwa na hamsini na moja siku sheria ilipomwambia yu huru.

Ukisimama ufukweni Kibirizi jua linapotua, unaiona milima ya ng'ambo, Kongo. Huko nako mambo yalikuwa yale yale, tena mabaya zaidi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alipoishiwa fedha za kuendesha Kongo yake, aliruhusiwa kukopa kwa njia ya hati zenye bahati nasibu ndani yake, za faranga milioni 150. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1888. Naye alisema anapambana na utumwa. Kilichofuata kinajulikana: watu kulazimishwa kugema mpira, vijiji kuchomwa, mikono kukatwa, hadi mwaka 1908 aliponyang'anywa nchi ile.

Kwa hiyo pande zote mbili za ziwa letu tunalo somo moja. Aliyesaidiwa hakuulizwa, na aliyenunua hakuonyeshwa. Jambo jema lilikuwepo kwenye tiketi, lakini daftari lilikuwa kwa watu wengine.

Uhuru ulipokuja, bahati nasibu haikufukuzwa pamoja na mkoloni. Kenya ilitunga sheria yake ya kamari na bahati nasibu mwaka 1966, na tiketi za Kenya Charity Sweepstake zikauzwa vibandani Nairobi na Mombasa kwa miaka mingi. Jina lenyewe lilibeba neno la hisani. Hapa kwetu zilitungwa sheria mwaka 1967 na 1974, ile ya pili ikihusu Bahati Nasibu ya Taifa. Angalia mwaka huo: ni katikati ya Ujamaa, wakati unyonyaji unalaaniwa kila siku redioni, na bado serikali iliona kuna fedha ya maendeleo inayoweza kutoka kwenye tamaa ya mtu ya kushinda. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha na Bodi yake.

Kisha simu zikaingia mifukoni mwetu, na kijiwe kikabadilika. Mwaka 2017 Simba na Yanga, mahasimu wasioelewana hata juu ya rangi ya nyasi, walivaa kifuani jina la kampuni moja ya kubeti. Mwaka 2021 bajeti ya serikali ikatamka kwamba asilimia 5 ya mapato yake kutoka kwenye ubashiri wa matokeo ya michezo iende Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Na mwezi Julai mwaka huo huo fainali ya kombe la shirikisho, Simba na Yanga, ikachezwa hapa hapa kwetu, uwanja wa Lake Tanganyika, Simba ikashinda moja bila. Mwaka 2023 Mashujaa wakapanda Ligi Kuu. Mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa ikafufuliwa chini ya mwendeshaji mpya. Kwa hiyo mshikaji wetu pale kijiweni hakuwa anazuga. Sehemu ya hela ya mkeka kweli imepangiwa kazi. Kosa letu ni kwamba tunaishia hapo, hatuulizi neno la pili.

Wenzetu Uingereza waliuliza. Bahati nasibu yao ya taifa ilianza Novemba 1994, ikapangwa kwamba katika kila pauni ya tiketi, peni 28 hivi ziende kwenye sanaa, michezo, urithi, misaada na sherehe za mwaka 2000. Yapo makundi madogo sana yaliyofaidika: ukumbi wa kijiji uliovuja, bendi isiyo na matarumbeta, wazee wanaotaka mahali pa kukutana. Kwa miaka mingi kikundi kidogo kiliweza kujaza fomu fupi kuomba ruzuku isiyozidi pauni 10,000. Lakini mwaka 1995, jumba la opera la Covent Garden, London, wanakokwenda wenye nazo, lilipotengewa zaidi ya pauni milioni 70, watu walipiga kelele nchi nzima. Maskini ananunua tiketi, tajiri anasikiliza nyimbo! Mimi kelele zile nazisoma kama habari njema. Walipiga kelele kwa sababu orodha ilikuwa wazi: nani kapewa, kiasi gani, cha nini. Mjane wa Koblenz hakuwa na orodha ya kumtia hasira.

Najua wapo watakaosema, achana na habari hizi, kamari ni kamari. Ujiji ni mji wa dini, na wazee wetu wengi hawataki pesa hiyo iguse hata bati la msikiti. Sibishani nao. Tena wana hoja ambayo hata asiye na dini aisikilize: kila kisima kinachochimbwa kwa fedha ya namna hii kimechimbwa na walioliwa. Ni nauli ya mtu, ni dagaa wa chakula cha jioni cha watoto wa mtu. Lakini hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuuliza. Kama hela imekwisha kutoka kwenye mfuko wa mnyonge, angalau ajue imelala wapi.

Na kuuliza huko si jambo la kujifunza kwa Waingereza. Sisi tunalo tangu zamani. Msiba ukitokea Gungu, daftari linafunguliwa siku ile ile. Fulani elfu mbili, fulani mchele kilo tano, fulani kuni. Baada ya mazishi, kabla watu hawajatawanyika, mweka hazina anasimama na kusoma: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na kilichobaki anakabidhiwa mfiwa mbele ya macho ya watu. Akina mama wa upatu nao ni hivyo hivyo, ukikosea shilingi mia utatafutwa hadi nyumbani. Hakuna aliyesoma uhasibu pale. Wanajua tu kwamba mchango usiosomewa mahesabu unaua mchango unaofuata.

Vijana wenzangu, hasa nyie mnaosema mnataka kuwa waandishi: hii ni kazi yetu. Barua ya kuuliza, "Ile asilimia 5, mkoa wetu umepata nini?" inahitaji mtu anayejua kuandika sentensi iliyonyooka. Andiko la kuomba ruzuku ya chumba cha kusomea vitabu, au ya nyavu za magoli ya watoto wanaochezea vumbi, linahitaji mkono huo huo unaoandika mashairi ya mapenzi. Tuandike mambo yetu mema wenyewe, tuyataje kwa majina, kabla hajatokea wa mbali kututajia.

Mzee yule bado anapita na baiskeli yake. Juzi alisimama tena, nikamwambia nimeanza kulitafuta jibu la swali lake, na kwamba nimefika Koblenz.

"Koblenz ndiyo wapi?"

"Ujerumani, mzee."

Akatikisa kichwa. "Umeanzia mbali mno, mwanangu. Sasa rudi, uulize na hapa."

Nimenunua karatasi. Barua naiandika wiki hii.