Jinsi ya kutambua na kuthamini bunduki ya Mauser ya 1871

BUNDUKI kuukuu iliyoachwa darini na marehemu babu huzua maswali mawili: ni ya aina gani, na ina thamani gani? Wengi hukimbilia swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza, na hapo ndipo hasara huanzia.

Mfano mwafaka ni Mauser ya 1871, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Ujerumani, Wilhelm na Paul Mauser. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, majeshi ya Ujerumani yaliyopigana Ulaya yalikuwa na bunduki mpya zaidi, ilhali askari wengi Waafrika walioongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa wangali wakiibeba hii. Baruti yake nyeusi ilitoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Baada ya kuwashinda Waingereza mjini Tanga, Novemba 1914, jeshi hilo liliteka mamia ya bunduki za kisasa.

Usalama na sheria

Silaha yoyote ichukuliwe kuwa ina risasi. Isifyatuliwe, isielekezwe kwa mtu wala isibebwe barabarani. Nchini Kenya, Sheria ya Bunduki (Sura ya 114) humtaka mwenye silaha awe na cheti, na ukongwe pekee usidhaniwe kuwa kibali. Polisi waarifiwe kwanza, ndipo wataalamu wa makavazi waombwe kuichunguza.

Utambuzi

Mauser ya 1871 hupokea risasi moja tu kwa wakati, nayo hufungwa kwa komeo la chuma lenye mkono. Tundu la mtutu lina upana wa milimita 11. Ikiwa chini ya mtutu kuna mrija wa kuhifadhia risasi nane, basi hiyo ni dada yake mdogo, aina ya 71/84.

Ubavuni, upande wa kushoto, aina ya askari wa miguu huwa na maandishi “I.G.Mod.71”. Hutafutwa pia jina la kiwanda, kama vile Spandau, Amberg au Steyr, pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Kisha hulinganishwa nambari zilizochapwa kwenye mtutu, komeo na vipande vingine.

Thamani

Umri si bei. Bunduki hizi zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hivyo ukongwe pekee hauifanyi kuwa adimu. Bei hupanda nambari zikiwa sawa, mbao zikiwa za asili na alama zikisomeka. Hushuka vipande vikiwa vimebadilishwa au mtutu ukiwa umekatwa.

Kosa kubwa ni kuing’arisha. Msasa hufuta alama na rangi ya kale ya chuma, navyo havirudi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu; kutu iachiwe mtaalamu.

Mwisho ni historia yenye ushahidi. Kudai kwamba bunduki ilipigana Tanga hakuongezi kitu pasipo barua, picha au rekodi ya jeshi. Wazee wanaoijua habari yake waulizwe wangali hai: ilibebwa na nani, na ilifikaje nyumbani? Majibu yaandikwe pamoja na tarehe. Alama zitamwonyesha mtaalamu kiwanda na mwaka, lakini jina la askari aliyeibeba halikuchapwa popote kwenye chuma hicho.