Kusoma Uganda Journal Kidijitali: Mfano wa Jua Lililopatwa Biharwe

Anayesafiri kutoka Kampala kwenda Mbarara hupita Biharwe, mara nyingi bila kusimama. Masimulizi ya Ankole yanaeleza kwamba hapo Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuwa ameivamia nchi ya Ntare Nyabugaro na kuteka ng'ombe wengi, ndipo jua likazimika mchana. Olimi alikimbia na majeshi yake, ng'ombe wakabaki. Leo pana mnara wa kumbukumbu, na tarehe inayotajwa sana ni 17 Aprili 1520.

Tarehe hiyo niliiandika katika kazi ya semina kana kwamba ni siku ya uhuru. Niliandika neno Biharwe kwenye kisanduku cha kutafutia, nikafunguliwa makala ya J. Sykes iliyochapishwa mwaka 1959 katika Uganda Journal, nikachukua nilichokitaka, nikafunga. Mhadhiri aliandika pembeni maneno mawili tu: "Na Gray?"

Sikujua Gray ni nani. Nilipoanza kumtafuta ndipo nilipoanza kulisoma jarida lenyewe.

Uganda Journal lilianza kutolewa mwaka 1934 na chama cha Uganda Society, ambacho maktaba yake ipo katika Jumba la Makumbusho la Uganda hapa Kampala. Halikuwa jarida la wanahistoria wa kazi. Wengi wa waandishi wake wa mwanzo walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, madaktari, wamishonari na walimu waliopenda historia, ndege, mawe au ngoma, wakaandika baada ya saa za kazi. Kwa sababu hiyo ukurasa mmoja unaweza kukupa masimulizi ambayo mtu aliyasikia kwa masikio yake kutoka kwa mzee, na ukurasa unaofuata ukakupa makisio matupu yaliyovalishwa nguo za uhakika. Waandishi walijuana na walisahihishana. Mmoja akikosea, mwingine alijibu katika toleo la baadaye, wakati mwingine baada ya miaka kadhaa.

Hapo ndipo nakala za kidijitali zinapotuponza. Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kimeyaweka matoleo ya jarida hili kwenye intaneti, na huo ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda maktaba kila siku. Lakini kompyuta inakupeleka moja kwa moja kwenye neno uliloliandika. Haikuonyeshi jibu lililokuja miaka minne baadaye. Aliyelishika jarida la karatasi na kulifunua hadi mwisho alikutana na mabishano hayo hata kama hakuyataka.

Sir John Gray alikuwa jaji, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, na historia ilikuwa penzi lake la pembeni. Mwaka 1963 aliandika katika jarida hilohilo makala kuhusu kupatwa kwa jua huko Ankole, na kichwa chake chenyewe kimebeba mwaka mwingine: 1492. Tofauti ni miaka 28, karibu kizazi kizima.

Je, wataalamu wa nyota hawawezi kuamua? Wanaweza kutuambia jua lilipatwa lini na kivuli kilipita wapi, lakini hawawezi kutuambia ni kivuli kipi kilichomkuta Olimi. Ili kuchagua, mwanahistoria huhesabu wafalme kurudi nyuma, akikadiria kila kizazi kuwa miaka 25 hadi 30. Basi orodha ya wafalme ikiongezeka majina, Olimi anasogea nyuma. Ikipungua, anasogea mbele.

Na orodha hiyo nayo imo katika Uganda Journal. Kati ya 1935 na 1937 jarida lilichapisha, kwa sehemu tatu, historia ya wafalme wa Bunyoro-Kitara. Mwandishi alijitambulisha kwa herufi mbili tu, K.W. Alikuwa Tito Winyi, Omukama wa Bunyoro mwenyewe. Mfalme aliyeandika wakati huo alikuwa na kesi mkononi: Waingereza walikuwa wameipa Buganda sehemu za nchi yake, na madai ya kuzirudisha hayakuisha hadi kura ya maoni ya 1964 iliyorudisha Buyaga na Bugangaizi. Ufalme wenye nasaba ndefu husikilizwa zaidi. Katika miaka ya 1970 David Henige aliichunguza orodha ya K.W., akaona ni ndefu kuliko zilizochapishwa kabla yake, akaitilia shaka. Kwa maoni yangu shaka hiyo haimfanyi Winyi kuwa mwongo, kwa kuwa naye alikuwa akikusanya na kuunganisha masimulizi kama walivyofanya wazungu waliomzunguka. Ila anayesoma sehemu moja ya makala zake, bila kujua K.W. ni nani, anasoma hoja ya mlalamikaji akidhani ni hati ya shahidi.

Kuna jambo dogo lililonipotezea siku mbili. Tahajia zimebadilika: ukitafuta Kabalega hutampata Kabarega, ukitafuta Nkore utaikosa Ankole, na Kaggwa wa leo ni Kagwa wa zamani. Isitoshe, programu iliyosoma picha za kurasa hukosea herufi pale wino ulipofifia. Tangu hapo ninaandika kila jina kwa sura zote ninazozijua, kisha nafungua yaliyomo ya toleo lile na ya matoleo ya miaka mitano iliyofuata, na kurasa za barua na za masahihisho nazisoma kabla ya makala.

Kazi ya semina niliiandika upya. Nimeiacha miaka yote miwili, 1492 na 1520, na aya iliyokuwa na tarehe sasa inauliza ni wafalme wangapi walitawala Bunyoro kati ya Olimi na Kabalega.