Kutoka Kilwa hata Theluji ya Kibo

Wasomaji wetu wa Kilwa na Lindi watastaajabu tukiwaambia ya kuwa habari za kuupanda Mlima Kilimanjaro zinaanzia, kwa sehemu, huku kwetu pwani ya kusini. Sisi wa huku tukisema "mlima" huwaza Rondo, ambao haufiki mita 1,000 juu ya bahari. Kilimanjaro ni mita 5,895. Walakini Mzungu wa kwanza aliyejaribu kuupanda alianza kujifunza kazi ya safari katika njia ya Kilwa, naye alijifunza kwa kushindwa.

Katika mwaka 1859 Mjerumani kijana, jina lake Albrecht Roscher, mtu wa Hamburg, aliondoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa. Hakuwa na msafara wake mwenyewe, bali alifuatana na wafanya biashara. Akafika ziwani mwezi wa Novemba, miezi miwili tu baada ya Livingstone kuliona ziwa hilo kwa upande wa kusini. Lakini Machi 1860 aliuawa huko huko. Mwaka ule ule akaja Unguja mtu mwingine, Baron Karl Klaus von der Decken, aliyekuwa zamani askari wa Hanover, mwenye mali nyingi na haraka nyingi. Naye alikusudia kuifuata njia ya Roscher kutoka Kilwa na kuzitafuta mali na maandiko ya marehemu.

Basi na tukumbuke Kilwa ya siku zile ilikuwaje. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kutoa watumwa. Misafara ilikwenda bara na nguo na shanga, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Katika njia kama hiyo wenyeji hawakumpokea mgeni kwa furaha, wala wapagazi hawakuwa na sababu ya kumwamini mtu wasiyemjua, anayekwenda mahali ambapo mwenzake ameuawa juzi. Baron alifika mahali palipoitwa Mesule, kisha ikampasa kurudi, maana wapagazi walimwacha na walinzi wake hawakumtii. Mwanzo wa 1861 alikuwa Kilwa tena, ziwa hakuliona.

Vitabu vya safari zake, ambavyo mwenziwe Otto Kersten alianza kuvitoa mwaka 1869, huwalaumu watu wa msafara. Sisi hatukatai ya kuwa kulikuwa na wavivu na waoga. Wako katika kila kazi. Lakini vitabu vile viliandikwa na upande mmoja tu. Mpagazi wa Kilwa hakuandika.

Baada ya hayo Baron akaugeuza uso wake kaskazini. Tangu 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann wa Rabai alipouona mweupe juu ya Kilimanjaro, wenye elimu wa Ulaya walikuwa wakibishana. Rebmann alimwuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, ule weupe ni kitu gani, naye akajibu kwa neno la Kiswahili tunalolijua sote: baridi. Bwana mmoja wa London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikataa kabisa kuamini kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Heshima ya mtu mkweli ilikuwa hatarini kwa ajili ya kiti na kalamu cha mtu aliye mbali.

Mwaka 1861 Baron, pamoja na Mwingereza Richard Thornton aliyejua habari za mawe, alitoka Mombasa akaufikia mlima. Wakaingia msituni, mvua ikawanyea, wakarudi kabla ya kufika futi 9,000. Mwaka wa pili, 1862, akaja tena na Kersten. Safari hii walifika yapata futi 14,000, na usiku theluji ikaanguka juu yao. Hivyo neno la Rebmann likathibitishwa, ingawa yule bwana wa London hakukubali hata hapo!

Kwa nini mlima huu uwashinde watu wenye nguvu? Kila mita 1,000 mtu anazopanda, baridi huongezeka kadiri ya digrii sita. Na hewa huwa nyepesi, hata juu kileleni uzito wake ni kama nusu tu ya ule wa pwani. Mtu akipanda kwa haraka kichwa humwuma, chakula humtoka, na asiposhuka huweza kufa. Mwili huizoea hewa ile polepole, kwa siku kadha wa kadha. Basi mpagazi wa pwani, mwenye shuka moja na miguu mitupu, aliyewekwa penye barafu bila kuni, alipotaka kushuka hakuwa mwoga; alikuwa na akili.

Mmisionari Charles New aliigusa theluji mwaka 1871. Lakini aliyelipata shauri lenyewe ni Hans Meyer wa Leipzig, na hata yeye si mara ya kwanza. Mwaka 1887 alifika penye ukuta wa barafu akarudi, kwa kuwa hakuwa na vyombo vya kuikata. Mwaka 1888 alikamatwa na watu wa Abushiri, akafunguliwa kwa fidia. Ndio mwaka ambao huku kwetu watu wawili wa Kampuni ya Kijerumani waliuawa Kilwa, na wenzao wa Lindi na Mikindani wakakimbia.

Mwaka 1889 akarudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria. Tazama sasa jinsi alivyopanga. Msafara mkubwa aliuacha Marangu, kwa Mangi Marealle, penye ndizi na maji. Kambi ya pili ikawekwa juu ya msitu, wakakaa watu wachache. Kambi ya tatu ilikuwa karibu na Kibo, juu ya mita 4,300. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula kutoka chini, wakashuka tena kwenye joto. Hakuna aliyelazimishwa kulala juu isipokuwa wale Wazungu wawili na mtu mmoja wa pwani. Kwa njia hiyo waliweza kushindwa bila kurudi nyumbani. Tarehe 3 Oktoba walikata ngazi katika barafu kwa shoka, wakafika ukingoni, wakaona ya kuwa kilele kiko mbali kidogo na siku imekwisha. Wakashuka, wakapumzika, na tarehe 6 Oktoba wakakifikia. Kama wangalikuwa na chakula cha siku moja tu, habari yao ingalikuwa kama ya Baron.

Yule mtu wa pwani jina lake Mwini Amani, mwenyeji wa Pangani. Wazungu walipopanda, yeye alibaki peke yake kambini, akilinda hema na kupika, katika baridi ambayo kwao Pangani haina hata mfano. Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaisari wake; tangu 1961 chaitwa Uhuru. Leo hakuna mgeni aruhusiwaye kuupanda bila kiongozi, na mzigo wa mpagazi haupasi kuzidi kilo 20. Meyer, Purtscheller, Rebmann na Decken wana vilele na barafu zenye majina yao juu ya mlima ule. Baron mwenyewe hakuishi ayaone hayo. Aliuawa Bardera, katika Mto Juba, mwaka 1865, katika safari nyingine.